Upande wa Dirisha

Ufukweni pale kila mtu alimwita Bi Ubao, na aliyelianzisha jina hilo hakuwa na nia mbaya. Kazi yake ilikuwa kutunza vibanda ishirini na vinne vya kubadilishia nguo, kufagia mchanga ulioingia kila mahali bila kubisha hodi, kuanika taulo, na kuwafunga waogeleaji funguo zao mkononi kwa kamba ya mpira wasije wakaziacha baharini. Ila hakuna aliyemkumbuka kwa funguo. Walimkumbuka kwa ubao mweusi uliotundikwa juu ya ngazi za kushukia majini, ambao aliuandika kila asubuhi kabla ya kufungua lango.

Alishuka na ndoo iliyofungwa kamba, akachota maji, akatumbukiza kipimajoto, akahesabu polepole mpaka mia, kisha akapanda ngazi zake saba na kushika chaki. Joto la maji. Maji kujaa, saa fulani. Maji kupwa, saa fulani. Mawimbi. Na chini kabisa, Mengineyo, ambapo aliweka lolote lililostahili kujulikana: yavuyavu wamekuja, wale wa ute, wanawasha, kuna chupa imevunjika karibu na nguzo, leo maji mazuri, msikawie.

Mteja wa kwanza siku zote alikuwa mwalimu mstaafu aliyeitwa Nusu Saa, kwa kuwa alikaa majini nusu saa kamili, mvua inyeshe jua liwake. Alisimama mbele ya ubao mikono nyuma, akausoma wote kwa sauti kana kwamba anasahihisha daftari, halafu akatoa hukumu.

"Nyuzi ishirini na sita. Jana uliandika ishirini na saba, Bi Ubao. Umetupunja."

"Nenda kailalamikie bahari, mwalimu. Mimi ni karani tu."

Pale watu hawakuogelea ovyo. Walianzia ngazini na kuogelea sambamba na ufuko mpaka kwenye nguzo ya mbao, kisha wakarudi kwa miguu juu ya mchanga, maana asubuhi mkondo ulivuta kuelekea nguzoni na hakuna aliyetaka kushindana nao. Kwenda namna hiyo, nchi kavu ilikuwa mkono wa kulia na mawimbi mkono wa kushoto. Kwa hiyo kila aliyefundishwa na Bi Ubao, na alifundisha nusu ya mji, aligeuza kichwa kulia kuvuta pumzi. "Pumua nchi kavu," aliwaambia. "Ukipumua baharini utakunywa."

Binti yake alijua kuogelea kabla hajajua kufunga vifungo vya gauni. Baba wa mtoto alifariki mapema, na mama na mwana waliishi katika chumba kimoja nyuma ya vibanda, chenye vitanda viwili, jiko la mafuta na dirisha lililotazama maji. Bi Ubao hakuwa mtu wa maneno. Hakuwahi kumwambia binti yake kwamba anampenda. Asingejua aanzie wapi na aweke uso wake wapi. Lakini kila asubuhi, kabla ya ndoo na chaki, walishuka wote wawili na kuogelea mpaka nguzoni, bega kwa bega, na katika kila pumzi binti aligeuza kichwa akaiona nchi kavu, na kati yake na nchi kavu akamwona mama yake. Hata binti alipoolewa na fundi wa reli na kuhamia mtaa wa pili, bado alikuja asubuhi, nywele zimefungwa kitambaa, akisema, "Haya mama, twende kabla mwalimu hajaja kutukagua."

Vita ilifika ufukweni siku ya Jumanne ndani ya lori la saruji. Askari walishusha mabunda ya seng'enge na kuyakunjua kutoka ngazini hadi nguzoni na kupita. Wiki iliyofuata walitega mabomu chini ya mchanga na kusimamisha kibao chenye fuvu la kichwa. Sajenti wao, kijana mpole mwenye mafua yasiyopona, aliukuta ubao umeandikwa kama kawaida. Akausoma. Kisha akaufuta kwa mkono wa shati lake, mstari baada ya mstari.

"Samahani, mama. Kuanzia leo habari za maji ni siri ya vita."

"Siri kwa nani? Bahari iko pale, kila mtu anaiona."

"Anayeiona kwa macho ni sawa. Anayeiandika ndiye tatizo."

Vibanda vikajazwa mifuko ya saruji. Bi Ubao akaachiwa chumba chake na ghala la maboya na taulo, maana ilionekana lazima mtu abaki wa kuyalinda na panya. Kutoka dirishani kwake hadi majini zilikuwa hatua arobaini, na kwa miaka saba hakuzipiga hata moja. Mbwa wa sajenti alizipiga mchana mmoja akimfukuza kaa. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kibao.

Mwezi huohuo karakana ya reli ilihamishiwa mji wa milimani, mbali na pwani, na mafundi wote na familia zao wakaambiwa wafungashe. Binti alikuwa na mimba ya miezi mitano. Kwenye jukwaa la stesheni, kati ya mabunda na makarai na watu wanaoitana, mama na binti walisimama kama wageni waliokutana foleni.

"Utaniandikia, mama?"

"Nitakuandikia."

"Nakujua wewe na kalamu. Utaniandikia nini?"

Bi Ubao alifikiri. "Nitakuandikia bahari."

Binti akacheka, akafuta macho kwa pembe ya kitambaa. "Basi. Niandikie bahari, inanitosha."

Na kweli aliandika. Kila Ijumaa alasiri aliketi dirishani na karatasi. Ndoo haikuweza kushuka tena, kwa hiyo joto alilikisia kwa rangi ya maji na kwa baridi ya ukuta wa chumba. Kujaa na kupwa alikujua kwa mwezi na kwa masikio; miaka thelathini ya kazi haifutiki kwa mkono wa shati. Aliandika jinsi mawimbi yanavyopiga seng'enge na kuiacha na ndevu za mwani. Aliandika kwamba yavuyavu wamekuja mapema. Juu alianza na Mwanangu, chini akamaliza na Mama yako, na katikati aliweka kila kitu alichokuwa nacho.

Barua ya tatu kutoka kwa binti ilisema hivi: "Mama, barua zako zinanifikia zimetobolewa. Juu naona Mwanangu, chini naona Mama yako, na katikati naona meza yangu. Ya mwezi jana niliishika dirishani nikamwona jirani anaanika nguo. Umeandika nini humo?"

Bi Ubao akavaa viatu vya kutokea, akauliza huku na kule, akaelekezwa ofisi ya ukaguzi wa barua, ghorofa ya pili ya iliyokuwa shule. Ndani ya darasa, madawati yamepangwa ukutani, watu sita walikuwa wameinamia karatasi za wenzao. Wa mwisho, karibu na dirisha, mwenye wembe mkononi na miwani kwenye ncha ya pua, alikuwa Nusu Saa.

Aliinua kichwa, akamwona, akauweka wembe chini taratibu, kama mtu aliyekutwa anakula peke yake.

"Karibu, Bi Ubao. Kaa."

"Ni wewe?"

"Walitaka watu wanaosoma haraka. Na mimi sina pa kwenda asubuhi."

"Ni wewe unayemkatia mwanangu barua?"

"Ni sheria inayokata. Mimi nashika wembe tu." Akashusha sauti. "Kujaa na kupwa kwa maji, hairuhusiwi. Joto, upepo, mawimbi, hairuhusiwi. Kilichotupwa pwani, hairuhusiwi."

"Hata yavuyavu?"

"Hata yavuyavu. Adui akisikia wamekuja mapema, atajua mkondo umegeuka."

"Kwani adui anakuja kuogelea?"

Mwanamke wa meza ya jirani alijikohoza kuficha kicheko. Nusu Saa alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu.

"Andika mengine. Mwandikie ya moyoni."

"Ya moyoni ndiyo hayo unayokata," alisema Bi Ubao. "Mengine sina."

Akasimama aondoke. Nusu Saa akamfuata hadi kwenye ngazi za ghorofa, akatazama nyuma, akatazama chini.

"Barua za binti yako nazo zinapita kwangu. Siruhusiwi kukwambia nilichosoma. Nakwambia hivi tu: usiache kuandika. Mume akiwa karakana, yule msichana huko aliko hana mtu."

Maneno hayo ndiyo yaliyomnyima raha. Kabla ya hapo Bi Ubao alikuwa mpweke, basi. Upweke alikuwa ameuzoea kama mtu anavyozoea jino bovu. Sasa aliogopa. Aliona kwamba uzi uliobaki kati yake na mwanawe ni karatasi hii moja ya wiki, na yeye hajui kuijaza. Ijumaa ikafika akaketi dirishani. Nje bahari ilikuwa imetulia, rangi ya bati jipya, na hakuruhusiwa kuisema. Aliandika: "Mwanangu. Mimi sijambo. Chumba kizima. Panya wamepungua. Mama yako." Alisoma, akaona aibu, akaituma.

Jibu lilikawia. "Mama, safari hii barua imefika nzima," binti aliandika. "Lakini zile zenye matundu zilikuwa na maneno zaidi."

Mtoto akazaliwa, wa kike. Bi Ubao aliupata ujumbe huo siku kumi na tisa baadaye, akausoma akiwa amesimama katikati ya ghala, na hakuwa na wa kumwambia isipokuwa sajenti, aliyempongeza na kupiga chafya. Aliandika: "Mwanangu. Nimefurahi sana. Mlinde na baridi. Mama yako." Alijua kwamba hayatoshi. Alikuwa kama mtu anayepiga hodi kwa unyoya. Barua za binti zikapungua, kutoka kila wiki hadi kila mwezi, kutoka kila mwezi hadi anapokumbuka, na lugha yake ikawa ya heshima, ile anayoandikiwa shangazi wa mbali. Natumaini u mzima. Sisi tu wazima. Kazi ni nyingi.

Mtoto alipotimiza miaka mitatu, ilikuja barua yenye mstari mmoja ambao si wa heshima. "Huyu mjukuu wako haogopi mbwa wala radi, ila maji. Nikimweka kwenye beseni analia mpaka majirani wanagonga ukuta. Ungemwona ungecheka, mama. Mimi sicheki tena."

Bi Ubao hakungoja Ijumaa. Aliandika palepale, haraka, bila kujua kwamba anaandika. "Usimmwagie maji kichwani. Ndilo kosa lako. Anza na visigino. Mwache yeye ashike kikombe, ajimwagie goti mwenyewe, akuone na wewe unajimwagia. Wewe ulikuwa hivyohivyo, ulinilia siku nne. Siku ya tano nilikuweka tumbo lako juu ya kiganja changu. Si vidole, vidole vinatekenya na vinatisha. Kiganja chote, kifunguliwe, kama unapokea unga. Ukakaa kimya. Nikahisi moyo wako unapiga mkononi mwangu kama kifaranga. Sijawahi kukwambia hilo." Ukurasa ukaisha akageuza upande wa pili.

Barua ilipita nzima. Juu ya bahasha, pembeni ya mhuri wa Imekaguliwa, kulikuwa na alama ndogo ya vema kwa wino mwekundu, ile ya daftari. Binti ndiye aliyemwambia, katika barua ya kurasa nne.

Tangu hapo hawakunyamaziana tena. Hakuna sheria ya vita iliyokataza kumfundisha mtoto kuogelea juu ya benchi. Huko milimani hapakuwa na mto wala bwawa, ila benchi la jikoni lilikuwepo, na mtoto alilala juu yake kwa tumbo kila jioni baada ya uji, mikono hewani. Bi Ubao alitunga masomo. Na ili asimdanganye mjukuu wake, kila somo alilifanya kwanza mwenyewe. Alifunga mlango wa ghala, akajilaza juu ya benchi kati ya maboya yaliyotundikwa, mama mtu mzima wa miaka karibu sitini, sketi ameikunja na kuibana, akapiga miguu na kukata mikono huku anahesabu, kisha akainuka kuandika. Siku moja askari wawili walifungua mlango wakitafuta koleo. Wakaufunga tena polepole.

"Bi Ubao anaogelea kwenye saruji," alisikia mmoja anasema.

"Mwache," alijibu sajenti kutoka mbali. "Yuko kazini."

Somo la pumzi ndilo lililowapa shida. "Mgeuzie kichwa upande wa nchi kavu," Bi Ubao aliandika, kwa mazoea.

"Mama," binti alijibu, "huku kote ni nchi kavu."

Bi Ubao alicheka peke yake, kicheko kilichomshtua kwa kuwa hakikuwa kimesikika mle chumbani kwa muda mrefu. "Basi chagua upande mmoja, ushike huohuo."

"Nimechagua upande wa dirisha. Akipumua anatazama dirisha. Anapenda, kuna ndege."

Hakuna hata mmoja wao aliyeuliza dirisha liko mkono gani.

Vita ikaisha kwa tangazo la redio lililosikika vibaya. Mabomu yalichukua mwaka mzima kuondolewa, na hata hapo walisafisha kipande kimoja tu: hatua sabini za ufuko, kuanzia ngazini, kikiwa kimezungushiwa kamba nyekundu pande zote mbili. Nguzo ya mbao ilibaki ng'ambo ya kamba, na watu waliambiwa wasiisogelee.

Siku ya kufunguliwa, Bi Ubao alishuka na ndoo kwa mara ya kwanza baada ya miaka saba. Alijaribu kuandika ubao na chaki ikakatika mara mbili. Watu walikuja, wakasimama juu ya ngazi, wakasoma, wakatazama maji. Vijana waliokua wakikiona kibao cha fuvu hawakujua la kufanya na bahari. Wazee walijua, lakini miguu ilikataa. Kufika saa sita hakuna aliyeingia zaidi ya vifundo vya miguu.

Nusu Saa alikuja na taulo shingoni na koti mwilini. Kifua kilikuwa kimemharibika. Alisoma ubao kwa sauti, polepole kuliko zamani.

"Nyuzi ishirini na sita," alisema. "Safari hii umepima."

"Na zile za vita?"

"Zile ulikuwa unabuni. Haiwezekani bahari ikae ishirini na sita majira yote."

"Nilikuwa nakisia. Vipande ulivyokata vilikwenda wapi?"

"Nilivichoma. Ilikuwa lazima nivichome kabla ya saa kumi, mbele ya mkubwa." Alitazama maji. "Lakini nilivisoma kwanza. Ofisi nzima walikuwa wanauliza Jumatatu, bahari imeamkaje. Nikawaambia. Ulipoacha tukabaki na barua za watu wanaoomba soksi."

Bi Ubao alimletea kiti. Nusu Saa akaketi juu ya ngazi nusu saa kamili, halafu akaenda zake.

Barua ya binti ilifika wiki hiyo. Karakana haitarudi pwani. Mume amepewa nyumba kulekule na bustani. Watakuja yeye na mtoto, siku tatu tu, shule isije ikamwacha. "Mtoto amenisumbua, anataka kuona anapoogelea. Ila nakuomba, mama, usimlazimishe. Akiogopa, basi, tumeshaona. Safari ni ndefu na sijui kama nitaweza kuja tena bila sababu."

Bi Ubao alielewa. Sababu ilikuwa na miaka sita na nusu na haijawahi kulowa zaidi ya beseni. Ikikubali maji, watarudi kila likizo. Ikikataa, atabaki na dirisha.

Waliposhuka kwenye treni, Bi Ubao karibu asimtambue mwanawe. Mabega yamepanuka, sauti imepata lafudhi ya huko. Mtoto alimtazama bibi yake juu hadi chini.

"Wewe ndiye Bibi wa barua?"

"Ndiye mimi."

"Najua kupiga miguu bila kukunja magoti."

"Nani kakufundisha?"

"Wewe," alisema mtoto, akishangaa kuulizwa.

Siku ya kwanza waliingia majini saa mbili asubuhi, kutokea ngazini kama ilivyokuwa desturi. Binti alisimama mchangani amejikumbatia. Alisema maji baridi, naye alikuwa mtu aliyeogelea kwenye mvua. Bi Ubao alimlaza mtoto juu ya kiganja. Kifaranga kikapiga mkononi mwake. Mtoto akanyoosha mikono, akapiga miguu bila kukunja magoti, akaenda moja, mbili, tatu, vizuri ajabu, kisha akageuza kichwa kushoto kuvuta pumzi, kuelekea bahari wazi. Wimbi likamjaa kinywani.

Alikohoa, akalia, akamng'ang'ania bibi yake shingoni kwa kucha. "Dirisha halipo," alilia. "Bibi, dirisha halipo."

"Geuza huku. Upande huu, mjukuu wangu, nchi kavu iko huku."

Akajaribu tena, na kichwa kikaenda kushoto kilipozoea. Mwili hausikii maneno. Akanywa tena.

"Basi, mama," alisema binti kutoka mchangani, na sauti yake ilikuwa ile ya barua za heshima. "Inatosha. Tumeona." Alimfunga mtoto taulo, akampandisha ngazi. Mchana kutwa mtoto alikaa kwenye ngazi ya juu kabisa, na siku ya pili akakataa hata kushuka ya kwanza.

Siku hiyo ya pili, alasiri, binti alikuwa anapanga nguo kwenye sanduku, mtoto amelala. Bi Ubao alijilaza juu ya benchi la ghala kwa mara ya mwisho. Akaweka dirisha mkono wa kushoto. Akapiga mikono, akageuza kichwa, akapumua, akafikiri. Kumbadilisha mtoto upande kungechukua wiki mbili, na hakuwa nazo. Lakini nchi kavu yenyewe ingeweza kuhamia kushoto, kama mtu angeanzia kule kwenye kamba ya mbali na kuogelea kurudi ngazini. Hakuna aliyewahi kuogelea hivyo pale, sababu ya mkondo. Ila maji yakijaa kabisa, kabla hayajaanza kurudi, mkondo husimama kidogo, kama mtu anayejiuliza amesahau nini.

Asubuhi ya tatu aliandika ubao. Maji kujaa: saa tatu na nusu. Kisha akaingia chumbani kwake na kulifungua dirisha, akaondoa na pazia.

"Mwanangu," alimwambia binti, "usije mchangani leo. Simama hapa dirishani. Kitambaa chako chekundu kifunge kichwani. Usitoke hapo mpaka nikuite."

"Mama, treni ni saa saba."

"Najua. Simama."

Mtoto alikubali kwa sharti moja, kwamba akisema basi iwe basi. Walitembea juu ya mchanga hadi kamba ya mbali, wakaingia maji yakiwa yamesimama tuli, hayaendi wala hayaji. Bi Ubao alifungua kiganja.

"Pumua dirishani," alisema.

"Halipo."

"Pumua kwanza."

Mtoto akapiga mikono, moja, mbili, tatu. Akageuza kichwa kushoto. Juu ya mchanga, nyuma ya vibanda, kulikuwa na ukuta mweupe, na katika ukuta dirisha, na katika dirisha kitambaa chekundu. Akavuta pumzi. Uso ukarudi majini. Moja, mbili, tatu, akalitazama tena. Bi Ubao alitembea kando yake, maji kiunoni, na mahali fulani katikati ya kamba mbili aliondoa kiganja, wala mtoto hakujua. Alikwenda mikono kumi na minane. Kisha akasimama, maji yakimfika shingoni, akajipangusa pua.

"Nimemwona Mama dirishani," alisema. "Analia."

Binti alikuwa amesimama pale tangu mwanzo, mikono juu ya kizingiti, mahali ambapo mbao zimelika na kuwa laini kwa viwiko vya mtu mmoja. Alikuwa ameona mtoto wake anaogelea. Ila kabla ya hapo, kwa muda mrefu kidogo, alikuwa ameona kilichoonekana kutoka hapo siku zote: hatua arobaini za mchanga, halafu maji. Bi Ubao alipomwita alitoka akiwa na nguo zake zote, akateremka ngazi saba, akaingia majini.

Treni iliondoka saa saba na dakika kumi. Kabla haijasogea mtoto alitoa kichwa nje, akauliza kama likizo ijayo wanaweza kuanzia ngazini kama watu wengine, na bibi yake akamwambia ataleta benchi wafanye mazoezi upande wa pili. Binti alisema neno moja tu, "Niandikie," na hakusema nini.

Bi Ubao alirudi kwa miguu. Lango lilikuwa wazi, ufukweni hapakuwa na mtu. Taulo dogo lilikuwa limesahauliwa kwenye seng'enge iliyobaki. Alilianika vizuri. Aliingia chumbani, akakuta kitanda cha pili kimetandikwa na mikono isiyo yake, akakitazama, hakukigusa.

Akaketi dirishani na karatasi. Joto la maji, aliandika, nyuzi ishirini na sita, nimepima. Maji kupwa, saa tisa na dakika arobaini. Mawimbi madogo. Hapana yavuyavu. Alimaliza haraka, kwa kuwa hapakuwa na wa kukata, na ukurasa ulikuwa bado mweupe nusu nzima. Alikaa akiutazama mpaka maji yakaanza kuacha ngazi ya chini. Halafu akaandika neno Mengineyo, akapiga mstari chini yake, akainamia karatasi na kuanza.